Kumpeleka mama mzee kwa Kristo wa Fanusi, Córdoba: saa, njia na sakafu ya vijiwe

SWALI: Mimi ni muuguzi, naishi Ujerumani. Mwezi Oktoba mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Morogoro. Ana miaka 71, anatembea kwa mkongojo, na kila Ijumaa husali Rozari ya Mateso Saba. Tutalala usiku mmoja Córdoba, Hispania. Nimesikia huko kuna uwanja wa kimya wenye msalaba uliozungukwa na taa, na kando yake kanisa la Bikira Maria wa Mateso. Tufikeje, tufike saa ngapi, na mama ataweza kweli? Kuna kiingilio?

JIBU: Dada, kiingilio hakuna, wala hakuna lango linalofungwa. Uwanja ule ni njia ya watu, mchana na usiku. Kwa hiyo msihangaikie tiketi, hangaikieni miguu ya mama na saa ya kufika. Kwa safari ya usiku mmoja nashauri mwende mara mbili: asubuhi kwa ajili ya kanisa, jioni kwa ajili ya msalaba. Wanaokwenda mara moja tu hupata kimoja wakakosa kingine, kwa sababu zile taa mchana ni vyuma vitupu, na usiku ukishakolea kanisa huwa limefungwa.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kwenye ramani uwanja unaitwa Plaza de Capuchinos, yaani Uwanja wa Wakapuchini, watawa walewale wa kanzu ya kahawia mnaowajua Tanzania. Mdomoni mwa wenyeji jina ni Cristo de los Faroles, Kristo wa Fanusi, na wengine husema Plaza de los Dolores kwa sababu ya lile kanisa. Yote matatu ni mahali pamoja. Lakini karibu na hapo, kwenye mtaa uleule mnaoingilia, kuna Plaza de las Capuchinas, ambao ni wa masista. Tofauti ni herufi moja tu, na dereva wa teksi akisikia vibaya atawashusha huko. Mkikuta sanamu ya askofu badala ya msalaba, mjue mko kwa masista. Yule ni Osio, askofu wa Córdoba wa karne ya 4. Si mbali, ila kwa mtu wa mkongojo kila hatua ina hesabu yake. Andika “Cristo de los Faroles” kwenye simu kwa herufi kubwa, umwonyeshe dereva.

Mama atakachokiona ni hiki. Uwanja ni mrefu na mwembamba, umebanwa na kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, madirisha machache na yako juu. Hakuna duka, mti wala meza za mkahawa. Katikati pamesimama msalaba wenye Kristo wa jiwe, umezungushiwa uzio mfupi wa vyuma, na kuuzunguka kuna fanusi 8 zilizoshikwa na mikono ya chuma kilichofuliwa. Ulisimamishwa mwaka 1794 kwa msukumo wa Mkapuchini Diego José wa Cádiz, mhubiri aliyekuwa akijaza viwanja nchini Hispania wakati huo. Alifariki mwaka 1801, na Kanisa likamtangaza Mwenyeheri mwaka 1894. Mchongaji anayetajwa ni Juan Navarro León. Jina rasmi la sanamu ni Cristo de los Desagravios y Misericordia. Desagravios ndiyo yale tunayoyaita malipizi, yaani sala na sadaka za kufidia dharau aliyofanyiwa Mungu. Mwambie mama jina hilo kabla hajafika, kwa maana linaeleza kwa nini msalaba uko nje, njiani, badala ya kuwa ndani ya kanisa. Uliwekwa pale ili kila apitaye asimame kidogo.

Weupe ule wa kuta na ukosefu wa biashara havikupangwa kwa ajili ya watalii. Kuta mnazoziona ni za konventi na kanisa la Wakapuchini, lenye asili katika karne ya 17, na za hospitali ya zamani ya San Jacinto pamoja na kanisa la Dolores. Watu wa sala na wagonjwa hawakuhitaji vibanda wala madirisha ya kutazama njiani. Miaka ya 1835 na 1836 serikali ya Hispania ilifunga nyumba za watawa wa kiume nchini kote na kuuza mali zao. Wakapuchini walitoka, wakaja kurudi baadaye. Hospitali nayo ikageuka kuwa makao ya wazee. Ndiyo maana ukimya pale una sababu ya kawaida kabisa: nyuma ya ukuta kuna mzee wa rika la mama aliyelala. Sauti hupiga kwenye chokaa na kurudi, na mtu akiongea kwa simu mwisho huu wa uwanja, wa mwisho ule anasikia neno kwa neno.

Sasa sakafu. Naomba usome sehemu hii mara mbili. Ardhi yote imetandazwa vijiwe vya mviringo vya mtoni, vilivyosimamishwa kwa ubavu na kukazwa pamoja. Kwa macho vinapendeza, lakini mtu wa mkongojo ana mambo matatu ya kuyaangalia. La kwanza ni ncha ya mkongojo: mpira uliochakaa huteleza juu ya kijiwe kimoja na kuzama kati ya viwili, na mwili unafuata. Nunueni mpira mpya mpana kabla ya safari. Huko Ujerumani upo kwenye maduka ya vifaa vya wagonjwa, na kwa kazi yako unajua pa kuupata. Pimeni kwanza unene wa fimbo, maana mpira uliolegea ni hatari kuliko uliochakaa. La pili, msidanganyike na mkongojo wa miguu minne. Kwenye sakafu ya hospitali ni bora, lakini juu ya vijiwe miguu minne haikai sawa hata mara moja, mmoja huning’inia daima, na mzee akiuegemea unapinduka. Pale fimbo ya mguu mmoja pamoja na mkono wako ni salama zaidi. La tatu ni viatu: soli ya mpira, nene kiasi cha kutosikia kijiwe chini ya wayo, kisigino kipana na cha chini. Ndara na viatu vya kisigino chembamba viacheni hotelini.

Mkono wako umpe upande usio na fimbo. Atembee karibu na ukuta, polepole, akikanyaga kwa wayo mzima badala ya kutanguliza kisigino. Mkitumia kiti cha magurudumu, yale magurudumu madogo ya mbele ndiyo yatakayonasa. Geuza kiti, ukivute kinyumenyume kwa magurudumu makubwa. Ni taratibu lakini hakikwami. Mvua ikinyesha, na Oktoba huwa inaanza kunyesha huko, ahirisheni mpaka vijiwe vikauke. Nyayo za miaka mingi zimevisugua, na vikilowa ni kama sabuni.

Msitegemee kukuta benchi wala choo ndani ya uwanja. Maliza yote mawili kabla. Plaza de Colón, bustani kubwa yenye bwawa la maji na mabenchi, iko kaskazini, umbali mfupi kwa miguu. Mama akae pale kwanza, anywe maji, mwende chooni kwenye mkahawa mmojawapo, ndipo muingie. Kiti kidogo cha kukunja, kile cha wavuvi, kina uzito mdogo na kitamfaa sana jioni.

Njia. Kutoka kituo cha treni hadi uwanjani ni kilomita moja na ushee, karibu dakika 20 kwa mtu mzima wa miguu yenye nguvu. Kwa mama chukueni teksi. Kama mnatembea, elekeeni mashariki hadi Plaza de Colón, kisha mshike mtaa wa Conde de Torres Cabrera kuelekea kusini. Uwanja uko upande wa kushoto. Njia hiyo haina ngazi. Kutoka Msikiti Mkuu wa zamani, ambao sasa ni kanisa kuu, pia ni zaidi ya kilomita moja, tena kwa kupanda kidogo kupitia vichochoro. Hapo napo teksi ni bora. Mji mkongwe una mitaa iliyofungiwa magari yasiyo ya wakazi, yenye kamera na faini, kwa hiyo kama mmekodi gari msijaribu kuliingiza hadi mlangoni.

Njia ya kuepuka ni Cuesta del Bailío, hata kama ramani ya simu itaipendelea kwa ufupi wake. Inakuja kutoka upande wa chini wa mji, mashariki, na ni ngazi pana za mawe na vijiwe mwanzo hadi mwisho. Zamani ukuta wa mji ulipita hapo, ukitenganisha mji wa juu na mji wa chini, na ngazi zinakata tofauti hiyo ya kimo. Ni mahali pazuri mno, penye bogenvilia iliyofunika ukuta mweupe, na juu yake jumba lenye mlango wa mawe yaliyochongwa karne ya 16. Mama anaweza kupaona akitokea juu, kutoka mwisho wa mashariki wa uwanja, bila kushuka hata ngazi moja. Asimame, atazame chini, kisha mrudi mlikotoka. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, na kushuka huko kutawaacha mtaa wa chini mkitafuta teksi.

Asubuhi, panga kanisa la Dolores kati ya saa nne na saa sita. Makanisa ya Hispania hufunga mchana na kufungua tena jioni, na ratiba hubadilika kwa majira, hivyo someni tangazo la mlangoni mapema kadiri mwezavyo. Ndani, juu ya altare kuu, amesimama Bikira Maria wa Mateso, kazi ya Juan Prieto ya mwaka 1719, aliyevikwa taji kwa idhini ya Kanisa mwaka 1965. Watu wa Córdoba humwita Bibi wa mji wao. Mtawakuta wazee wa kike wanaingia na mfuko wa sokoni, wanapiga goti, wanamwambia Mama jambo lao, wanatoka. Hapo ndipo mama asalie Rozari yake ya Mateso Saba, akiwa ameketi. Mafungu saba ya Salamu Maria saba saba, pamoja na zile tatu za mwisho, ni kama dakika 20 au zaidi, na kusimama muda huo juu ya vijiwe kutamchosha akashindwa kurudi jioni. Misa ikianza, kaeni au tokeni kabla ya masomo, msitembeetembee. Mabega yafunikwe, kofia za wanaume zitoke, picha bila mwanga wa kamera. Wekeni sarafu za euro mfukoni kwa ajili ya sadaka na mshumaa.

Jioni ndiyo inayohitaji hesabu ya saa. Saa za Hispania huandikwa kwa mtindo wa 24, na mama atazisoma kwa saa za kwetu, kwa hiyo zungumzeni lugha moja mapema. Katikati ya Oktoba jua la Córdoba linazama karibu saa 19:40, yaani saa moja na dakika 40 jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja karibu Ulaya nzima, na baada ya siku hiyo jua litazama karibu saa 18:25, kwetu saa kumi na mbili na dakika 25. Familia nyingi hukosa fanusi kwa kosa hili: zilisoma mtandaoni saa ya wiki iliyotangulia. Fikeni dakika 20 kabla ya jua kuzama. Mkae upande ambao msalaba unaonekana wote, migongo ukutani, na mngoje.

Kinachotokea huchukua kama nusu saa. Kwanza chokaa inakuwa ya kijivu na Kristo anaonekana mweusi mbele ya anga. Kisha fanusi zinawaka, na kwa dakika chache huoni tofauti yoyote kwa sababu anga bado ina nguvu kuliko taa. Halafu anga inageuka buluu nzito, taa zinashinda, na vivuli vya vyuma vinaanza kulala sakafuni kijiwe kwa kijiwe. Kati ya dakika 10 na 30 baada ya jua kuzama ndipo uwanja unapokuwa katika ubora wake. Wanaofika usiku mnene wanaona taa tu, ukuta hawauoni.

Makundi ya watalii yatakuja, hasa jioni za hali nzuri ya hewa. Msiondoke. Kundi halina muda: mwongozaji anasema yake, watu wanapiga picha, wanaelekea Bailío. Ngojeni tu dakika kumi hivi na kimya kitarudi kama kilivyokuwa. Mkipita saa nne usiku mtakuta watu wachache zaidi, lakini sitamweka mama nje saa hiyo kwa ajili ya hilo. Oktoba mchana bado kuna joto la kuridhisha, ila jua likishazama baridi hushuka haraka. Abebe khanga mbili au shali.

Karibu na uzio mtaona mishumaa na maua yaliyoachwa na waumini. Mama akitaka kuacha ua, aliweke chini kwa upole nje ya uzio. Asiushike uzio kama nguzo ya kuegemea, na watoto wa wageni wengine wakipanda juu yake msiige. Kusali kwa sauti ya chini kunakubalika kabisa. Wenyeji hufanya hivyo wakirudi kazini. Kuimba wimbo, hata uwe mzuri namna gani, tuache, kwa ajili ya wale wazee nyuma ya ukuta.

Picha kwa simu: gusa fanusi kwenye kioo ili simu ipime mwanga hapo, kisha shusha mwangaza mpaka uone vioo vya taa, visiwe madoa meupe. Ukiiacha simu iamue yenyewe itaangaza ukuta na kuziunguza taa zote nane. Egemeza mkono ukutani, tumia hali ya usiku, shikilia sekunde tatu bila kupumua kwa nguvu. Mama akiwa ndani ya picha, mweke hatua mbili tu kutoka kwenye fanusi, uso uelekee taa, asiipe mgongo. Ngozi zetu zikipewa mwanga wa nyuma kwenye giza hazionekani.

Angalieni tarehe 24 Oktoba. Ni sikukuu ya Malaika Mkuu Rafaeli, mlinzi wa Córdoba, na mji mzima unapumzika. Familia nyingi hutoka kwenda mashambani na masufuria ya wali. Maduka hufungwa na teksi hupungua, ingawa kwa mwenye kutaka utulivu mitaa huwa mizuri.

Ukiwaza kubadilisha safari iwe Juma Kuu, kwa mama nakushauri usifanye hivyo. Ijumaa inayotangulia Jumapili ya Matawi, yaani siku 9 kabla ya Pasaka, mji hupanga foleni ndefu kuingia kwa Mama wa Mateso. Jumatano Kuu maandamano ya chama cha waumini cha La Paz hutoka kwa Wakapuchini, na Ijumaa Kuu Mama wa Mateso mwenyewe hutoka, akiwa juu ya jukwaa lililobebwa na wanaume walioinama chini yake. Ni siku tukufu. Lakini watu husongamana bila nafasi ya kugeuka, mnaweza kusimama saa tatu mfululizo, na nta ya mishumaa hudondoka ikaganda mitaani, ikaongeza utelezi. Anayetaka siku ya Mama bila msongamano wa namna hiyo ana tarehe 15 Septemba, sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa.

Mawili ya safari yenyewe. Viza ya Schengen ya mama iliyotolewa na Ujerumani inamfaa pia Hispania mradi siku zake hazijaisha. Abebe pasipoti halisi, si nakala. Treni ya kasi kutoka Madrid huchukua muda wa karibu saa moja na dakika 45. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na lango hufungwa kabla ya treni kuondoka, hivyo muwe kituoni nusu saa mapema, na mama aombewe msaada wa kiti wakati wa kukata tiketi, wala msingoje kufika.

Chakula nacho kina saa zake. Mkitoka uwanjani saa mbili usiku, majiko mengi ya Córdoba bado hayajawashwa; chakula cha jioni huanza saa mbili na nusu au saa tatu. Kama mama humeza dawa pamoja na chakula, mpeni mlo mkubwa mchana, saa nane, wakati Wahispania wenyewe wanapokula, na mbebe mkate na tunda kwa ajili ya jioni. Bakuli la salmorejo litamfaa mwenye meno mabovu: ni rojo baridi la nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Juu huwekwa yai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na asiyeitaka nyama hiyo aseme “sin jamón” wakati wa kuagiza.

Kurudi, msitafute teksi gizani kwenye vichochoro. Rudini Plaza de Colón kwa njia ileile mliyoingilia, mama akae benchini, na wewe usimame barabarani kuisimamisha.